Namna ya Kumtafuta Askari wa Kiayalandi Ukiwa Mombasa

Mkazi wa Mombasa anayeulizwa na mgeni, "Babu yangu alikuwa askari, alitoka Ayalandi, na tunasikia alipita hapa," ana njia mbili: amwelekeze Fort Jesus aende zake, au amkaribishe chai na kuanza kazi. Mwongozo huu ni wa anayechagua chai. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, mwanzo kwa ajili ya wageni na baadaye kwa hamu yangu mwenyewe, na nimegundua kwamba wanaoshindwa karibu wote hufanya kosa moja, nalo ni kuanza na jina. Kwa askari wa Kiayalandi jina ndilo la mwisho kuaminiwa. Tangulia na rejimenti, yaani kikosi chake kikubwa, fuatisha namba yake ya kijeshi, kisha mahali alipozaliwa, na jina lije nyuma likithibitishwa na hayo matatu.

Kabla ya kuwasha kompyuta, amua kwanza askari wako ni wa fungu gani, maana kila fungu lina ghala lake la nyaraka. Hadi 1922 Ayalandi yote ilikuwa chini ya Uingereza, na Waayalandi waliovaa sare katika Vita Kuu ya Kwanza, wapatao 200,000, walikuwa askari wa mfalme wa Uingereza. Katika Vita Kuu ya Pili nchi yao, isipokuwa kaunti sita za kaskazini, haikuegemea upande wowote, lakini makumi ya maelfu ya vijana wake walivuka bahari wakajiandikisha kwa Waingereza kwa hiari yao. Baadhi yao walikuwa mabaharia wa meli za kivita zilizotia nanga Kilindini tangu 1942. Lipo fungu la waliopigana dhidi ya Waingereza hao hao, huko kwao Ayalandi, kati ya 1916 na 1921, na wengine wakapigana wao kwa wao mwaka 1922 na 1923. Fungu la mwisho ni wanajeshi wa Jamhuri ya Ayalandi waliotumwa na Umoja wa Mataifa, na hapa nawazungumzia wale wa Kongo. Wa zamani zaidi, kama wale waliohamia jeshi la Ufaransa baada ya mkataba wa Limerick wa 1691, nawaacha. Nyaraka zao ziko Vincennes, karibu na Paris, na hazikupitia bandari yetu.

Sasa shika kilicho mkononi. Mara nyingi huwa ni medali, na medali za Vita Kuu ya Kwanza zina fadhila kubwa: zilipigwa muhuri wa jina la mwenyewe. Kwenye medali ya duara tazama ukingoni. Kwenye nyota ya shaba geuza nyuma. Maandishi yakiwa yamesagika usiyasugue kwa dawa ya kung'arishia shaba, kwa sababu utakuwa unakula herufi zenyewe. Chukua unga wa ngano kidogo, au poda ya mtoto, upake ukingoni, kisha upitishe kidole kikavu taratibu. Unga utabaki ndani ya mikwaruzo ya herufi na kung'oka kwingine, na ukimulika tochi kutoka pembeni, siyo kutoka juu, utaona neno jeupe likijitokeza herufi baada ya herufi: kwanza namba, kisha cheo, kisha herufi ya jina la kwanza, jina la ukoo, na mwishoni ufupisho wa rejimenti. Ufupisho huo ndio dhahabu. R. DUB. FUS. ni Royal Dublin Fusiliers, R. MUNS. FUS. ni Royal Munster Fusiliers, CONN. RANG. ni Connaught Rangers, LEINS. R. ni Leinster Regiment, R. INNIS. FUS. ni Royal Inniskilling Fusiliers. Zenye R. IR. zinahitaji macho mawili, kwa kuwa Royal Irish Regiment, Royal Irish Rifles na Royal Irish Fusiliers ni rejimenti tatu tofauti, na herufi moja iliyofutika inaweza kukupeleka kwa askari asiye wako.

Medali za Vita Kuu ya Pili, kwa bahati mbaya, Waingereza waliwapa askari wao bila kuandika majina. Ukiletewa nyota tano za shaba zisizo na neno lolote, usimlaumu babu wala fundi. Rudi kwenye barua na picha.

Kama kilichopo ni kaburi, nenda Mbaraki, kwenye makaburi yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mwamkie mlinzi kwanza, mweleze shida yako, kisha ufanye kazi asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limelala, kwa sababu jua la saa sita hufuta maandishi yote. Usimwage tindikali wala sabuni ya kufulia; maji matupu na brashi laini vinatosha. Nakili kila kitu kwa penseli kama kilivyo, hata kile unachodhani ni kosa la mchongaji, halafu ndipo upige picha. Utaratibu wa mawe hayo ni ule ule dunia nzima: nembo ya kikosi, namba, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kufa na pengine umri, na chini kabisa maneno machache yaliyochaguliwa na jamaa, ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza yaliwekewa kikomo cha herufi 66. Usiyapuuze maneno hayo ya chini. Ombi la sala kwa roho ya marehemu huashiria familia ya Kikatoliki, na dhehebu litakusaidia baadaye kwenye sensa.

Nembo nazo hufundisha. Kinubi chini ya taji huashiria Ayalandi moja kwa moja, lakini Dublin Fusiliers wana guruneti linalowaka moto, na juu yake yumo chui milia na tembo. Kijana mmoja niliyekuwa naye Mbaraki alidhani askari yule alipata tembo huyo Tsavo. La, batalioni za Dublin na Munster zilitokana na majeshi ya Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya Hindi, na wanyama hao ni wa Bara Hindi, waliopandishwa kwenye kofia za vijana ambao wengi wao hawakuwahi kumwona tembo.

Hapa pana mtego wa kwanza, nao umewanasa hata Waayalandi wenyewe. Kuwa katika rejimenti ya Kiayalandi si ushahidi kwamba mtu ni Muayalandi, na kuwa katika rejimenti ya Kiingereza si ushahidi kwamba siye. Orodha kubwa ya kumbukumbu iliyochapwa Dublin mwaka 1923 kwa mabuku manane ina majina zaidi ya 49,000 ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, lakini ndani yake wamo Waingereza na Waskoti wengi waliojazwa kwenye vikosi vya Kiayalandi pale wenyeji walipopungua. Kwa upande wa pili, miji ya Lancashire ilikuwa imejaa familia zilizohama Ayalandi tangu njaa ya 1845 hadi 1852, na vijana wao walijiandikisha huko huko. Batalioni ya 2 ya Loyal North Lancashire, iliyopigana Tanga mwezi Novemba 1914, ni mfano mzuri kwetu wa pwani: jina lake ni la Kiingereza tupu, lakini asili ya kila askari wake itafutwe peke yake. Iko orodha ya serikali ya Uingereza ya 1921 ya askari waliokufa katika vita ile, ambayo sasa inapatikana mtandaoni. Ubora wake ni kwamba huonyesha mahali askari alipozaliwa na mahali alipojiandikisha, mambo mawili ambayo jiwe la kaburi halikwambii.

Namba nayo isome kwa adabu. Kabla ya 1920 kila rejimenti iliwapa watu wake namba zake yenyewe, kwa hiyo namba isiyo na rejimenti haina maana, sawa na namba ya nyumba isiyo na mtaa. Askari aliyehamishwa alipewa namba mpya, na mtu mmoja anaweza kuwa na tatu. Kadi za medali, ambazo nakala zake ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, na husomeka mtandaoni, ndizo zinazoziunganisha: kadi moja huweza kubeba rejimenti mbili na namba mbili za mtu yule yule. Mimi niliwahi kupoteza wiki tatu nikimfuata J. Murphy wa Munster hadi nikajua kaunti yake, parokia yake na jina la mama yake, kisha mgeni aliyenituma akaniletea bahasha ya zamani yenye namba nyingine kabisa. Murphy ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ayalandi, na John hakuwa haba. Nilimwomba radhi mgeni, nikaanza upya.

Majina yenyewe hubadilika kama mavazi. O'Brien huandikwa Brien, O hudondoka na kurudi. Mac na Mc huandikwa vyovyote karani alivyopenda. Na baada ya uhuru wengi walirudisha majina yao kwa Kiayalandi, hivyo John akawa Seán na William akawa Liam. Umri pia usiufanye msahafu, kwani vijana waliongeza miaka ili wapokewe.

Tuseme sasa una rejimenti, namba na jina. Hatua inayofuata ni tovuti ya Tume ya Makaburi, ambayo ni bure, kwa wale waliokufa vitani. Tafuta kwa namba kwanza. Ukimpata, soma mstari wa maelezo ya ziada, kwa sababu humo ndimo jamaa walimotaja wazazi na anwani, pengine hadi mtaa na kaunti. Sisi wa Kenya tunazo kaunti 47 na neno hilo halitutishi. Ayalandi ina 32, ambazo 26 ni za Jamhuri na 6 ni za Ayalandi ya Kaskazini, na kujua kaunti ni nusu ya safari.

Kwa aliyenusurika, utahitaji faili lake la utumishi, na hapa jiandae kuvunjika moyo. Ghala la London lililokuwa na mafaili ya askari wa kawaida wa Vita Kuu ya Kwanza lilipigwa bomu na ndege za Wajerumani mwezi Septemba 1940, na kiasi cha asilimia 60 kiliteketea. Yaliyookolewa, mengine yakiwa na kingo nyeusi za moto na madoa ya maji ya zimamoto, yamepigwa picha na yanasomeka. Msiba wa pili ulitokea Dublin kwenyewe: tarehe 30 Juni 1922, katika siku za mwanzo za vita vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya kumbukumbu za taifa iliyokuwa katika majengo ya mahakama ya Four Courts ililipuka, na karatasi za karne saba zikawa majivu yaliyopeperuka juu ya mji. Wanahistoria walifungua mwaka 2022 hazina ya mtandaoni inayojaribu kuijenga upya ofisi ile kwa nakala zilizosalia kwingine, na kuitumia ni bure.

Kwa rehema, sensa za 1901 na 1911 zilisalia zote, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ayalandi imeziweka mtandaoni bila malipo. Hapa ndipo ninapomwambia mgeni avute kiti. Fomu ya kila nyumba kwa kawaida ilijazwa na mwenye nyumba mwenyewe, kwa mwandiko wake, ikitaja kila aliyelala humo usiku ule, umri, dini, kazi, kama anajua kusoma, na kama anazungumza Kiayalandi au Kiingereza au zote mbili. Ile ya 1911 inauliza pia mke ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Ukikuta mama ameandikiwa watoto kumi na pale pembeni saba, umeshaifahamu nyumba alimotoka askari wako kuliko medali zote zinavyoweza kukueleza. Linganisha dini na maneno ya kaburini, linganisha umri kwa kuachia miaka miwili mitatu ya uongo, na utazame kama kuna ndugu mwenye jina linalofanana. Waliohesabiwa kambini mara nyingi wameandikwa herufi za mwanzo za majina tu, hivyo usiwatafute kwa jina zima.

Iko pia hazina ndogo ninayoipenda: maelfu ya wosia za askari wa Kiayalandi waliokufa vitani, nazo zinasomwa bure katika hifadhi hiyo hiyo ya Dublin. Nyingi ni sentensi moja, kwamba mali yote niliyo nayo namwachia mama yangu.

Maofisa ni habari nyingine, na ni rahisi zaidi, kwa kuwa uteuzi na nishani zao zilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali, London Gazette, ambalo matoleo yake yote ya zamani yanatafutika bure. Jifunze kwa mtu ambaye Mombasa nzima inamjua bila kujua kwamba ni Muayalandi: John Henry Patterson, yule wa simba wa Tsavo. Alizaliwa 1867 katika kaunti ya Longford, akashuka bandarini kwetu Machi 1898 kujenga daraja la reli la Mto Tsavo, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amewaua simba wawili waliokuwa wakila vibarua. Wengi huishia hapo. Ukimfuata kwenye nyaraka za kijeshi utamkuta Afrika Kusini akipata nishani katika Vita vya Makaburu, kisha Gallipoli 1915 akiongoza kikosi cha Wayahudi cha kubeba mizigo kwa nyumbu, kisha akiongoza batalioni ya Kiyahudi Palestina mwaka 1918. Alifia Marekani 1947, na majivu yake yakahamishiwa Israeli mwaka 2014.

Nimemchagua kwa sababu ya pili pia. Katika kitabu chake cha 1907 Patterson alitaja Wahindi 28 walioliwa, mbali na Waafrika wengi ambao hawakuhesabiwa na mtu. Miaka ya baadaye akasema jumla ni 135. Na uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao, uliotolewa 2009, ulikadiria watu kama 35. Ushahidi wa askari kuhusu mambo yake mwenyewe upokee kwa heshima, kisha uupime. Na hilo la Waafrika wasiohesabiwa liniachie nafasi ya kunung'unika kidogo: askari wa kawaida kutoka Cork ana kadi, namba, sensa na wosia, wakati wapagazi waliotolewa pwani hii kwenda Vita Kuu ya Kwanza ile ile, wengi wao hawana hata jiwe. Tume ya Makaburi yenyewe ilikiri upungufu huo katika ripoti ya Aprili 2021.

Ikiwa familia inasema babu "alipigana na Waingereza", usikatae hata kama unayo medali yake ya Kiingereza mkononi. Tom Barry alikuwa mpiga mizinga wa Uingereza huko Mesopotamia, na tarehe 28 Novemba 1920 aliongoza shambulio la Kilmichael dhidi ya polisi wa Uingereza. Emmet Dalton alipata nishani ya ushujaa akiwa ofisa wa Dublin Fusiliers mwaka 1916 pale Ginchy, Ufaransa, na Agosti 1922 alikuwa kando ya Michael Collins, kiongozi wa mapambano dhidi ya Waingereza, alipouawa Béal na Bláth. Hata ndani ya jeshi la Uingereza lenyewe mambo yaligeuka: Juni 1920 askari wa Connaught Rangers waliokuwa India waliweka silaha chini kwa hasira ya yaliyokuwa yakifanywa na Waingereza nyumbani kwao Ayalandi, na mmoja wao, James Daly, akapigwa risasi kwa amri ya mahakama tarehe 2 Novemba. Rejimenti yenyewe ilivunjwa 1922 pamoja na nyingine nne za kusini. Watu wa namna hii wengi walinyamaza waliporudi, ndiyo maana wajukuu wana hadithi zisizokutana. Kwao fungua tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Kijeshi ya Dublin, iliyoko katika kambi ya Cathal Brugha. Humo kuna maombi ya pensheni ya waliopigana kati ya 1916 na 1923, ambamo mwombaji alilazimika kueleza alikuwa wapi, lini na chini ya nani, na kuna ushahidi wa mdomo 1,773 uliokusanywa kati ya 1947 na 1957 na kufungiwa hadi 2003.

Fungu la Kongo ndilo ambalo sisi Waswahili tunaweza kulifanya vizuri kuliko hata watafiti wa Dublin. Mwishoni mwa Julai 1960 batalioni ya kwanza ya Ayalandi iliruka kwenda Kivu, imevaa sare nzito za sufu katika joto la Ikweta, na nyingine zikaifuata hadi Katanga. Tarehe 8 Novemba doria ya watu 11 ilivamiwa na wapiganaji wa Kiluba huko Niemba na tisa wakauawa. Septemba 1961 kombania moja, watu zaidi ya 150, ilizingirwa Jadotville siku kadhaa hadi risasi na maji vikaisha, ikajisalimisha bila kupoteza mtu, na heshima yake ikarudishwa rasmi zaidi ya nusu karne baadaye. Nyaraka zote zinatumia majina ya kikoloni, kwa hiyo andika pembeni: Albertville ni Kalemie, Elisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi. Miji yote hiyo inazungumza Kiswahili. Mwenye jamaa au rafiki Kalemie anaweza kupiga simu na kuzungumza na mzee aliyekuwa kijana wakati ule, na aanze kwa shikamoo na habari za nyumbani, siyo kwa swali la nani alimuua nani, kwa sababu Waluba wana kumbukumbu zao za mwaka ule, na jina la kabila lao liligeuzwa tusi mitaani Ayalandi baada ya Niemba.

Ukimwandikia mtunza nyaraka wa Dublin, iwe barua fupi yenye swali moja, ukitaja namba na rejimenti katika sentensi ya kwanza na kueleza ulikokwisha kutafuta. Kama unapiga simu, kumbuka sisi tuko mbele yao kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi chao, na kwamba ofisi hufunguliwa wakati wewe unafikiria chakula cha mchana.

Mgeni anapoondoka mpe karatasi moja yenye safu tatu: jambo, limetoka wapi, na una hakika nalo kiasi gani. Picha ya kaburi ipigwe mara mbili, moja ya karibu ya maandishi na moja ya mbali inayoonyesha lango, mti au ukuta, ili atakayekuja baada yake aifikie safu ile bila kumsumbua mlinzi. Nakala ya pili mwachie mlinzi. Safari mbili nimekuta yeye ndiye aliyeitunza wakati familia ilikuwa imeshaipoteza.